Oili ya bei mbaya si dawa ya boti kuzimika

Wapo wanaoamini kwamba oili ya sintetiki, ile inayouzwa kwa bei ya juu, ndiyo itakayomaliza tatizo la boti kuzimika katika Ziwa Mweru. Wapo pia wanaosema huo ni ujanja wa wauzaji tu, kwamba oili ni oili. Kwa mtazamo wangu pande zote mbili zinakosea, na anayeumia ni abiria.

Nazungumzia boti zinazotoka Nchelenge, nchini Zambia, kwenda kisiwa cha Chisenga, kule Mto Luapula unakoingia ziwani. Wasomaji wa Kigoma na Mwanza watanielewa, maana mambo ni yaleyale. Mimi ni mchuuzi wa samaki, si fundi, lakini maisha yangu yanategemea injini hizo.

Ndugu msomaji, boti nyingi za aina hii hutumia injini za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo. Kwa injini nyingi kipimo ni sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Ikishaungua imekwenda.

Gari ni tofauti. Oili yake hukaa ndani ya injini kwa maelfu ya kilomita, na hapo ndipo sintetiki huonyesha ubora, kwa kuwa huchelewa kuharibiwa na joto. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima oili za magari na kukuta sintetiki imezishinda za kawaida kwa wastani wa karibu asilimia 50. Sibishani na vipimo hivyo, ila havikuhusu oili inayotoka na moshi siku hiyohiyo.

Hata neno lenyewe tusilishabikie. Mwaka 1999, Mobil ilipoilalamikia Castrol, chombo cha kuangalia matangazo Marekani kiliamua kwamba Castrol ilikuwa na haki ya kuita sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyochakatwa sana. Kwa hiyo neno hilo peke yake halikuambii kilichomo chupani.

Cha kutafuta ni alama ya TC-W3. Hiyo ni oili ya injini za boti za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji, na haina viungo vya madini vinavyoacha majivu. Oili ya gari inavyo, na majivu yake huganda kwenye plagi. Plagi ikichafuka, injini inakata. Anayemimina oili ya gari, au ile chafu iliyomwagwa gereji, anaokoa kwacha chache na kuweka rehani roho za watu.

Watasema mwenye uwezo anunue ya ghali. Sawa, ikiwa na alama hiyo haina madhara, na mara nyingi moshi hupungua. Lakini uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na mwenye boti anapoanza kazi Machi mfuko wake ni mtupu. Kama ana fedha ya ziada, kwanza anunue plagi za akiba. Akague pampu ya maji ya kupozea injini, maana majani na matope ya kule mtoni huziba njia ya maji, na injini ikichemka hakuna oili itakayoiokoa. Kisha anunue maboya ya kutosha abiria wote.

Nawaomba wenye boti wawe na chupa ya kupimia, waache kukadiria kwa jicho. Nasi abiria tuulize kabla ya kupanda: oili gani imetiwa, na maboya yako wapi? Nahodha akikasirika kwa swali hilo, tusubiri boti nyingine.