Vioo vyeusi: sheria ianzie kwa jeep za wakubwa



Tuseme wazi: taksi au bus inayobeba watu haipaswi kuwa na vioo vyeusi. Mama anayetoka sokoni usiku ana haki ya kuona nani yuko ndani mbele ya kupanda, na watu wa njiani wana haki ya kuona kama anapigwa. Kinshasa watu walipanda taksi ndogo, zile wanaita ketch, milango ikafungwa, wakapelekwa kusikojulikana, wakanyang'anywa simu na makuta. Kenya, mwezi wa tano 2014, mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili kwenye Thika Road, Nairobi. Serikali ikakataza vioo hivyo kwenye matatu na mabasi.

Kwa hiyo siye hatupingi. Swali ni hili: nani atabanduliwa kioo?

Hapa Kisangani wengi wetu tunatembea kwa moto, na moto haina kioo! Vioo vyeusi tititi viko kwenye jeep za wakubwa, zingine hata plaki hazina. Zinapita Makiso mbio, roulage anapiga saluti. Halafu shofere wa taksi, anayetafuta versement ya patron mbele ya jioni, ndiye anasimamishwa. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Wote.

Tena, gari nyingi za mtumba kutoka Japani zinafika na vioo vya nyuma vyeusi tangu kiwandani. Karatasi ya kubandika unaitoa kwa wembe na maji ya sabuni. Kioo cha kiwandani hakikwanguliki. Lazima kukibadilisha kizima, na shofere atatoa wapi hizo makuta? Amri isipotofautisha hivi viwili, kila kizuizi cha roulage kitageuka duka.

Tunadai amri iliyoandikwa, ibandikwe kwenye komini zote sita, hadi Lubunga ng'ambo ya mto: kioo gani kinakatazwa, muda gani wa kubadilisha, faini ngapi. Faini iingie kwenye akaunti ya Serikali, si mfukoni. Na jeep za utawala zitangulie, mchana, watu wakiona.

Mashofere, mukisimamishwa, ombeni kwa heshima kuona amri na karatasi ya malipo. Hawana? Andikeni mahali na saa, mututumie.