Safari ya Lamu: Twende Msimu Gani?

Mama mmoja wa hapa Kakuyuni ametuuliza: "Mama yangu ni mtu mzima, naye ataka kuzuru Lamu kabla macho hayajamwisha. Nimpeleke lini?"

Wazee wetu walishika hesabu mbili. Ibada waliifuata kwa mwezi. Kilimo na safari za bahari wakavifuata kwa mwaka wa Nairuzi, wenye miongo ya siku kumi kumi. Walikuwa na sababu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hivyo Maulidi hayakai msimu mmoja. Mfunguo Sita wa mwaka 2023 uliandama Septemba. Wa 2026 watarajiwa katikati ya Agosti, na miaka ijayo utarudi nyuma hadi kwenye masika.

Masika, Aprili na Mei, hatumshauri mtu kumpeleka mzee. Jembe latungoja, na barabara ya Garsen hupita bonde la mto Tana. Mwishoni mwa 2023, na tena 2024, maji yaliikata njia karibu na Gamba, wasafiri wakakwama.

Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Lakini sisi twaenda kwa basi hadi Mokowe, na kivuko cha kutoka hapo hadi Lamu ni kifupi. Agosti watoto nao huwa wamefunga shule. Mzee na avikwe nguo nzito kidogo, akae katikati ya chombo.

Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni kukavu na bahari hutulia. Desemba wageni ni wengi na vyumba hupanda bei. Februari, miaka hii, Ramadhani yaingia. Basi Januari ndiyo nyepesi.

Kwa hivyo, dada yetu, akitaka Maulidi ya Riyadha, fuateni mwezi, mkaulizie hali ya njia kabla ya kukata tiketi. Akitaka kuwaona jamaa tu, nendeni Januari. Lakini musingoje mwaka ulio mwema zaidi. Upepo hurudi kila mwaka. Macho ya mama hayarudi.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari ya salama. Amin.