NYUMBANI MWETU: Taa za Noeli na ile picha tuliyotuma

Watoto wametuchosha kwa swali moja tu: taa tunazipandisha lini? Tangu mwaka jana tulipozitundika mbele ya nyumba imekuwa kama sheria, na majirani kadhaa hapa Nakivale wametuuliza tulifanyaje. Basi mwezi huu tunawaeleza, pamoja na ugomvi uliofuata, maana ulikuwepo.

Kwanza taa zenyewe. Mara ya kwanza tulinunua sokoni waya mrefu wenye taa za rangi nne, kwa bei rahisi, tukarudi nao tukicheka. Kumbe ni wa umeme wa volti 240, na umeme wetu sisi ni wa jua! Muuzaji hakutuambia, nasi hatukuuliza. Ukaingia sandukuni. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa yako, tazama ncha ya waya. Ukiona plagi ya ukutani, huo ni wa wenye umeme wa nguzo. Ukiona kile kichwa cha kuchajia simu, cha USB, huo ndio wetu.

Halafu hesabu ya betri. Yetu ni ya volti 12, ampea-saa 7. Ukizidisha unapata wati-saa 84. Lakini betri hizi za risasi hazipendi kukamuliwa mpaka tone la mwisho, ukizoea kupita nusu inakufa mapema. Kwa hiyo za kutumia ni 42 tu. Waya wetu wa taa 100 unakula kama wati 5, saa tatu ni 15. Balbu ya ndani ya wati 3, saa nne ni 12. Simu moja kuchaji, weka 15. Jumla 42, tumefika ukingoni! Siku ya mawingu kinachozimwa kwanza ni taa za Noeli, hata watoto wakinuna.

Mishumaa kwenye mapambo hatuitaki kabisa. Nyumba nyingi hapa bado zina turubai, na turubai likishika moto halikupi muda wa kutafuta viatu. Zamani huko Ulaya na Marekani watu walikuwa wanabandika mishumaa ya kweli kwenye matawi ya mti mkavu, ndani ya nyumba! Ni mwaka 1882 ndipo Edward Johnson, aliyefanya kazi pamoja na Edison, alipofunga balbu 80 za umeme kwenye mti nyumbani kwake New York, nyekundu, nyeupe na buluu. Mzee huyo tunamshukuru mpaka leo.

Kutundika hatukupiga misumari karibu na waya. Tulikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli vipande vyembamba, tukafungia kwenye fito chini ya bati. Watoto wakakata nyota kwenye makopo ya mafuta (sisi wakubwa ndio tulioshika mkasi, msije mkasema), na taa nyingine wakaziingiza ndani ya chupa za maji tupu, zikaonekana kubwa mara mbili. Hiyo akili ni yao, si yetu.

Sasa picha. Jioni ya kwanza tulipiga saa mbili na nusu usiku, giza totoro. Ikatoka vidoa vya rangi vinaelea hewani, nyumba haipo, watoto hawapo. Tukawasha flashi, nyumba ikaonekana lakini taa zikafifia kama zimezimwa. Kesho yake tukabahatisha dawa: piga jua likiwa limetoka kuzama, mbingu bado buluu. Hapa kwetu Desemba jua linazama kama saa moja, na giza linakuja haraka, una dakika ishirini hivi. Zima flashi. Egemeza simu juu ya jerekani lililojaa maji, isitikisike. Gusa kioo pale penye taa, kisha punguza mwanga kidogo. Weka ile ya kuhesabu sekunde tatu, ili kidole chako kisiisukume simu. Na mtoto asimame kimya, hapo ndipo penye kazi.

Picha ikatoka nzuri mno. Ndiyo ikaleta ugomvi.

Mmoja wetu alitaka kuituma saa ile ile kwa nyanya yao aliye Baraka, na kwa baba mdogo wao aliye Marekani. Mwingine akasema hapana. Mnajua wenyewe: tangu 2023 msaada wa chakula hapa Uganda unatolewa kwa makundi, na kile anachotuma baba mdogo ndicho kinachoziba pengo. Akiona nyumba inang'aa kama hoteli, si atasema hawa wameshafika? Na kwa nyanya, si ndugu wengine wataanza kuomba tuwatumie sisi? Tulibishana mpaka betri ikaisha. Hatukusemeshana mpaka chai ya asubuhi.

Asubuhi tukapiga picha ya pili, mahali pale pale, jua limewaka. Ukuta wa udongo na nyufa zake, waya unaning'inia, chupa, lile jerekani. Tukazituma zote mbili pamoja, bila maneno.

Nyanya alipiga simu akauliza nyumba ya usiku ni ya nani. Tulipomwambia ni ile ile alinyamaza kidogo, kisha akacheka sana. Baba mdogo alijibu baada ya siku mbili. Hakusema lolote la taa wala la ukuta. Aliandika: "Huyo aliyesimama mlangoni ni nani? Amekuwa mrefu hivi?" Aliondoka mtoto akiwa anabebwa mgongoni.

Mwaka huu tutazipandisha tarehe 20. Mama wa nyumba ya pili yuko katika kilio, tulikwenda kumwomba ruhusa kwanza, akasema ziwashwe, ila tuelekeze moja upande wa mlango wake. Tutafanya hivyo.

Ule waya wa volti 240 bado tunao sandukuni, mzima. Mwenye ndugu anayekaa mjini penye umeme wa nguzo aje auchukue, bure.