Kimbunga cha 2013: Serikali bado ina deni Murukulazo

Mwaka 2013 uhusiano wa Tanzania na Rwanda ulichafuka, na mzigo mzito wa ugomvi huo ukawaangukia wananchi wa mpakani, kama wale wa Murukulazo wilayani Ngara, ambao hawakuketi katika kikao chochote. Kwa hilo Serikali ilikosea, na hadi leo haijalisahihisha kosa hilo.

Mei mwaka huo, mjini Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR. Kigali ilighadhibika, kwa kuwa kundi hilo lilianzishwa na watu ambao baadhi yao walishiriki mauaji ya kimbari ya 1994. Wakati huohuo askari wetu walikuwa Kongo, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopambana na waasi wa M23, waliodaiwa kuungwa mkono na Rwanda. Kenya, Uganda na Rwanda zikawa zinakutana bila sisi, hadi Novemba 7 Rais akalazimika kulihakikishia Bunge kwamba Tanzania haitoki katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Katikati ya mvutano huo, mwishoni mwa Julai, Rais akiwa ziarani Kagera aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba 5 alikutana na Rais Paul Kagame wa Rwanda mjini Kampala. Mwezi huohuo Operesheni Kimbunga, ya kuwasaka wahamiaji haramu na majambazi, ilianza Kagera, Geita na Kigoma.

Hatupingi haki ya nchi kulinda mipaka yake. Mapori ya Biharamulo yalikuwa na majambazi wenye bunduki, na kwa miaka mabasi yalipita yakisindikizwa na askari. Lakini jambazi hukamatwa kwa ushahidi, hatafutwi kwa sura, lafudhi au wingi wa ng'ombe. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo watu waliozaliwa hapa na wazazi walioikimbia Rwanda kuanzia 1959. Mke Mtanzania alibaki na watoto, mume akavushwa mpaka wa Rusumo na kupokelewa katika kambi ya Kiyanzi, Rwanda. Ng'ombe wa familia wakabaki bila mwenyewe. Wengi hawakupata hata nafasi ya kusikilizwa na hakimu.

Aibu ni kubwa zaidi kwa sababu nchi hii ilishajua njia bora. Mwaka 1980, chini ya Mwalimu Nyerere, maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipewa uraia. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haikukamilishwa kwa wote, na asiye na karatasi akaachwa mikononi mwa mgambo na mwenyekiti wa kijiji.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kila anayetiliwa shaka Ngara na Biharamulo asikilizwe na mahakama kabla ya kuguswa. Familia zilizotenganishwa zifunguliwe njia ya kuungana kisheria. Mifugo iliyopotea mikononi mwa maofisa ichunguzwe na wenyewe walipwe. Rais anaweza kugombana na rais mwenzake na kesho wakapeana mikono. Mfugaji wa Murukulazo aliyepoteza nyumba, ng'ombe na mume hana mkutano wa kilele wa kumrudishia. Ana Serikali tu, na inapaswa kumjibu.