UCHAMBUZI: Kampuni za michezo zakaribisha pesa, zawafungia wavuja jasho

KATIKA mchezo wa RuneScape, kumpa mwenzako dhahabu ni jambo la sekunde chache. Wahusika wawili hukutana, mmoja huonyesha anachotoa, mwingine haonyeshi chochote, wote wawili huafiki na mali huhama.

Hakuna kinachoonyesha iwapo hiyo ni zawadi ya ndugu kwa ndugu, ni mtu mmoja anayehamisha akiba yake kutoka kwa mhusika wake mmoja hadi mwingine, au ni biashara iliyolipiwa kwa dola nje ya mchezo. Utata huo umewakosesha usingizi wamiliki wa michezo ya aina hii kwa zaidi ya miaka 20, na wanaoumia zaidi kutokana na jinsi walivyoutatua ni wale ambao mchezo ndio kazi yao.

RuneScape ulizinduliwa mwaka wa 2001 na ni mali ya kampuni ya Jagex yenye makao yake Cambridge, Uingereza. Mchezaji huunda mhusika, kisha humtuma akate kuni, avue samaki, achimbe madini na apigane na majoka. Ni kazi ya kuchosha, inayomeza mamia ya saa. Ndiposa tangu mapema pakazuka makundi mawili: wenye pesa wasio na wakati, na wenye wakati wasio na pesa. Kundi la pili huchuma dhahabu, kundi la kwanza huinunua.

Wachumaji hao wana ujanja wao. Mtu mmoja huweza kuwa na wahusika kadhaa wanaofanya kazi, na mwingine mmoja asiyefanya lolote ila kupokea na kuhifadhi, mfano wa punda wa mizigo. Wafanyakazi wakinaswa na kufutwa, ghala husalia.

Mnamo Desemba 2007, Jagex iliamua kuziba mwanya huo. Mali ambazo wachezaji wawili wangebadilishana zilitakiwa kulingana kwa thamani, na tofauti iliyoruhusiwa ilikuwa ndogo mno. Zawadi kubwa zikakoma. Inashangaza kwamba huo ndio mwaka ambao Wakenya walianza kutumiana pesa kwa M-Pesa. Huku mlango ulikuwa ukifunguliwa, kule ukifungwa.

Kampuni ilikuwa na sababu, na haikuwa ya kubuni. Baadhi ya wachumaji walilipia ada za uanachama kwa kadi za benki zilizoibwa. Wenye kadi walipolalamika, benki zilidai pesa zirudishwe, na mzigo ukaiangukia Jagex. Hata hivyo, dawa ilikuwa kali kuliko maradhi. Mchezaji mwaminifu aliyetaka kumsaidia rafiki anayeanza alitendewa sawa na mlaghai.

Baadaye kampuni iliwauliza wachezaji wenyewe. Zaidi ya kura milioni 1.2 zilipigwa na asilimia 91 ikataka uhuru wa kubadilishana mali urejeshwe. Ulirejeshwa Februari 1, 2011.

Miaka michache baadaye, uhuru huo ukawa riziki ya watu ambao yamkini hakuna aliyewafikiria wakati wa kura. Uchumi wa Venezuela uliporomoka, na Julai 2018 Shirika la Fedha Duniani lilikadiria kuwa mfumuko wa bei huko ungefika asilimia milioni moja kufikia mwisho wa mwaka. Mshahara wa mwezi haukutosha kununua chakula cha siku chache. Vijana, na hata watu wazima wenye familia, wakageukia Old School RuneScape, toleo lililoanzishwa 2013 kutokana na nakala ya mchezo ya mwaka wa 2007. Toleo hilo halihitaji kompyuta ya bei ghali.

Waliua majoka ya kijani saa baada ya saa, wakauza ngozi na mifupa, wakawapa dhahabu madalali na kulipwa dola chache kwa siku. Hizo dola chache zilishinda mishahara ya watumishi wengi wa umma nchini mwao. Umeme ulipopotea karibu nchi nzima Machi 2019, pato lao lilipotea nao.

Si wote waliowahurumia. Mwaka wa 2017 baadhi ya wachezaji walisambaza maelezo ya jinsi ya kuwatambua Wavenezuela mchezoni na kuwaua wahusika wao. Kwa waliofanya hivyo ilikuwa burudani.

Ni kweli pia kwamba si kila anayechuma dhahabu hufanya hivyo kwa hiari. Gazeti la The Guardian liliripoti mwaka wa 2011 kuwa wafungwa katika kambi moja ya kazi ngumu nchini China walilazimishwa kucheza usiku ili wakuu wa kambi wauze walichochuma.

Lakini hoja ya kampuni kwamba pesa halisi huharibu mchezo ilidhoofika pale zilipoanza kuziuza zenyewe. Mwaka wa 2013 Jagex ilileta hati maalumu, na 2015 ikazifikisha katika Old School. Mchezaji huinunua hati hiyo kwa pesa taslimu kutoka kwa kampuni, kisha humwuzia mwenzake kwa dhahabu ya mchezoni. World of Warcraft ya Marekani ilianza mpango kama huo 2015, na EVE Online ya Iceland ilikuwa imetangulia. Kwa maneno mengine, tajiri anaruhusiwa kugeuza dola kuwa dhahabu. Aliyeichuma haruhusiwi kuigeuza kuwa dola.

Utafiti wa Vili Lehdonvirta na Mirko Ernkvist, uliochapishwa 2011 chini ya mpango wa infoDev wa Benki ya Dunia, ulikadiria kuwa huduma za kuwachezea wengine ziliingiza takriban dola bilioni 3 mwaka wa 2009, na kwamba sehemu kubwa ilibaki katika nchi za wanaofanya kazi hiyo. Waliilinganisha na kahawa: soko la dola bilioni 70 ambapo wazalishaji wa nchi zinazoendelea huambulia dola bilioni 5.5 tu. Mkulima wa Nyeri au Kirinyaga hahitaji kufafanuliwa hesabu hiyo.

Kisheria, kampuni hushikilia kuwa mchezaji hamiliki chochote ila idhini ya kutumia. Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilisita kukubali jambo hilo kikamilifu. Mwaka wa 2007, wavulana wawili walimpiga mwenzao wa miaka 13 na kumtishia kwa kisu hadi akaachilia hirizi na barakoa yake katika RuneScape, nao wakazihamishia kwao. Mmoja wao alipokata rufaa, mawakili walidai vitu hivyo havipo. Januari 31, 2012 majaji waliamua kuwa vilikuwa na thamani kwa sababu ya muda na juhudi alizotia mtoto huyo, na kwamba viliibwa. Mshtakiwa alipewa saa 144 za kutumikia jamii.

Kesi hiyo ilihusu wizi na haikugusa haki ya kuuza. Mvenezuela anayefungiwa akaunti hupoteza dhahabu aliyokuwa hajaiuza, na hukumu ya Uholanzi haimpi pa kushika.