Kidude cha Japani hakijui tochi ya Songea

GEREJI NA BARABARA
Na Mzee wa Spana

Washa gari lililotoka Japani juzi, iwe IST, Noah au Probox, na mara nyingi utamsikia mwanamke anaongea Kijapani kabla injini haijatulia. Madereva wa Songea wamemzoea, wapo hata wanaomwitikia. Analalamika kwamba kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara kuu za kwao, haijachomekwa. Huyo hana shida. Shida iko kwenye kidude cha pili ambacho baadhi ya magari huja nacho: kimebandikwa juu ya dashibodi, kina kioo kidogo, na waya wake mwembamba unapotelea pembeni ya kioo cha mbele. Hicho ni kinasa rada. Mwenye gari wa kwanza alikifunga ili kimtonye kabla hajafika kwenye kamera za mwendo za huko.

Kikishatua Mfaranyaki, hapa Songea, kinaanza kuwa na wateja. Aliyekikuta ndani ya gari hataki king'olewe, anamtaka fundi umeme akifufue. Asiye nacho anauliza aagize cha aina gani na kiungwe wapi ili waya usionekane. Hesabu yao ni nyepesi: faini ya trafiki ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, na kutoka Songea mpaka Njombe mtu anaweza kupigwa tochi ya kupima mwendo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kidude kitarudisha hela yake haraka.

Hakitarudisha hata mia.

Kinasa rada husikiliza mawimbi ya redio. Rada ya polisi inayotumia mawimbi ya gigahezi 24 humwaga mawimbi yanayotanuka kadiri yanavyokwenda, kiasi kwamba mita 300 mbele yamefikia upana wa mita 60 hivi. Yanagonga magari, mabati na kuta, na kumfikia hata dereva ambaye bado hajalengwa. Ndiyo maana kule Marekani, ambako biashara ya vidude hivi ilishamiri miaka ya 1970, dereva aliweza kweli kumuwahi polisi. Jimbo la Virginia limevipiga marufuku mpaka leo.

Tochi ya trafiki wetu ni kitu kingine. Ni leza. Mita 300 mbele, mwale wake una upana wa kama mita moja tu, unatua kwenye namba ya gari lako na pengine jirani yako asiguswe kabisa. Kipimo kinakamilika ndani ya theluthi ya sekunde hivi, na katika muda huo gari la kilomita 80 kwa saa huwa limesogea mita saba. Kidude chenye jicho la leza kitapiga kelele, sawa, lakini wakati huo kinakusomea hukumu. Picha yako iko njiani kwenda kwenye simu ya askari aliyesimama mbele.

Na kile cha Kijapani ndiyo kabisa. Sehemu kubwa ya akili yake ni orodha ya kamera za Japani iliyounganishwa na setilaiti: gari likikaribia mahali palipo kwenye orodha, kinaonya. Gumbiro, njiani kwenda Njombe, haimo. Mtyangimbole haimo. Madaba pia haimo.

Basi kama hakifanyi kazi, si kibaki tu kama pambo? Hapana, kwa sababu ya ule waya. Fundi wa haraka anafungua boksi la fyuzi chini ya usukani, anapapasa kwa testa mpaka taa iwake, anachomoa fyuzi ya kiberiti, anachuna waya na kuuzungushia kwenye mguu wa fyuzi, kisha anairudisha kwa kuibana. Tepu nyeusi kidogo, kazi imekwisha. Mguu ule sasa haukai sawasawa, unapata joto, na plastiki inaanza kulainika. Mbaya zaidi, testa huwaka pia kwenye laini ya moto ambayo haizimiki hata ukitoa ufunguo. Kidude kinachokula theluthi moja ya ampea kikiungwa hapo kitakula ampea-saa nane kila siku. Betri ya IST huwa ya ampea-saa 45 hivi. Mwache mwenyewe asafiri kwenda Dar kwa basi wiki moja, akirudi atasukuma.

Fundi mzuri hutafuta laini inayokufa ufunguo ukitoka, anakiwekea kidude fyuzi yake ndogo ya ampea mbili, na waya wa ethi anaufunga kwenye boliti iliyoshika chuma cha bodi. Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, hapitishi waya mbele yake kwenye nguzo ya kioo, na waya wa njano, ambao kwenye Toyota ndio wa mifuko hiyo, hausogelei. Mafundi wa namna hiyo wapo hapa mjini. Ila hata kazi yao safi haiwezi kuifanya leza iwe rada.

Kitu kinachofanya kazi kipo na ni cha bure: dereva anayetoka mbele anakupigia taa. Safu hii haimlaumu anayepiga taa, kwa sababu wanaozipata wanapunguza mwendo kweli, ingawa wengi wanapunguza mpaka wampite trafiki tu. Na lawama si za madereva peke yao. Askari kujificha vichakani na tochi ni jambo lililofika hadi bungeni, na kijiji chenye kibao cha 50 lakini hakina cha kuonyesha pale 50 inapoisha kinamtega hata dereva mstaarabu.

Mabasi yana waya mwingine nyuma ya dashibodi, nao haumfichi mtu. Kifaa cha VTS, kilichoanza enzi za SUMATRA, mamlaka ya usafiri, kabla ya LATRA kuchukua nafasi yake mwaka 2019, hutuma mwendo wa basi safari nzima, kuna kichaka au hakuna. Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya karibu miaka 30, kifaa hicho kilikuwa miongoni mwa sababu za kuthubutu kuruhusu. Wapo wanaokichezea, na LATRA imewahi kuwachukulia hatua. Fundi anayeombwa kukata waya huo usiku wa manane ajue kwamba nyuma yake kuna viti vya abiria, na akatae hiyo hela.

Wewe mwenye IST, mwambie fundi aking'oe kidude, azibe waya wake vizuri, na hela uliyotenga kwa kipya inunue brek pedi kabla hujateremka mlima wa Lukumburu.