Si Kila Kovu ni Kosa la Mtambo

Ndugu zetu wa Kasekese, acheni kuwasadiki wachuuzi wasemao kwamba kila sarafu yenye kovu ni mali. Mwaka 1916, vita vilipowakatia Wajerumani njia ya kuleta fedha kutoka kwao, walipiga heller 20 huko Tabora kwa mihuri iliyochongwa upesi. Ndiyo sababu maandishi yake hutofautiana. Kosa la kweli huzaliwa pale mtambo unapopiga: chapa maradufu, au chapa iliyokwenda upande. Mkwaruzo wa baadaye ni uharibifu tu, wala hauongezi bei. Tena msizisugue kwa majivu! Sarafu hung'aa, lakini thamani yake hupungua. Ipelekeni kwanza kwa mjuzi. Auzaye bila kujua hupunjwa, na anunuaye kwa uvumi hujuta.